Mwendo wa Mheshimiwa Haginoya

"Hivi kura yako moja inaweza kusukuma treni?"

Swali hilo liliulizwa na Mzee Kijima, kinyozi, asubuhi moja alipokuja kununua vipande viwili vya tofu, ile jibini nyeupe ya soya, na kukaa kitako kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama kawaida yake. Bi Haginoya Tatsue, mwenye duka, alikuwa ameinamia beseni la maji baridi, mikono imezama hadi viwikoni. Siku hizo hakuwa mheshimiwa wa mtu yeyote. Alikuwa mjane wa mlinzi wa kivuko cha reli pale Kamitsuga, na treni iliyokuwa ikizungumzwa ni ile ya behewa moja inayopanda kutoka pwani mara nne kwa siku, ikibeba wazee wa kusafishwa damu hospitalini, wanafunzi, na mara mojamoja mbwa asiye na tiketi.

"Haiwezi kusukuma," alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini inaandikwa. Watu wakasoma nani aliitaka treni na nani aliikataa."

"Basi gombea, mama."

"Nigombee nini na mikono imelowa hivi?"

Kijima alikuwa anatania. Lakini mwaka ule vyama vikubwa mkoani viligombana vyenyewe kwa vyenyewe, wagombea wao wakatukanana mpaka wapiga kura wakaona haya, na kura zikamwangukia mwanamke aliyezunguka na baiskeli yenye bango moja: TRENI ISIONDOLEWE. Alipotangazwa mshindi, kwanza alikwenda nyumbani akamwekea marehemu mumewe kikombe cha chai mbele ya picha, akamwomba radhi kwamba hatakuwapo asubuhi kwa muda. Halafu akafunga duka, akaenda Tokyo, kwenye Baraza la Juu la Bunge, mjumbe asiye na chama.

Asiye na chama mle ndani ni kama mgeni wa arusi asiyejulikana amealikwa na upande upi. Wanamwinamia kwa adabu, wanampa kiti, lakini hakuna anayemwambia lolote. Ofisi aliyopewa ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye korido, jirani na chumba cha mifagio. Dakika za kuongea hugawiwa vyama. Yeye alipata dakika nne kwa mwezi, na mara moja mtu aliyemtangulia alikohoa sana, zikabaki tatu. Msaidizi wake alikuwa Bwana Dobashi, mstaafu wa posta mwenye miaka sitini na mbili, mwaminifu sana, mwenye dosari moja tu, nayo ni tumbo.

Na alikuwa na siri. Miaka arobaini ya kusimama kwenye sakafu ya maji ilikuwa imemla magoti yote mawili. Nyumbani kila mtu alijua kwamba mama huyu anatembea taratibu, ila si kwa kiasi gani, maana pale kijijini alikuwa daima nyuma ya meza ya duka au juu ya baiskeli, na baiskeli haiulizi magoti sana. Tokyo hakuna aliyejua kabisa. Alifika ukumbini wa kwanza, mabawabu wakiwa bado wanawasha taa, akakaa. Aliondoka wa mwisho, wakati wafagiaji wanaingia. Kura zilipigwa kwa kubonyeza kitufe ukiwa umekaa kitini. Kwa miaka mitano hakuna mjumbe hata mmoja aliyemwona Mheshimiwa Haginoya akitembea hatua tano mfululizo.

"Omba ruhusa ya mkongojo," Dobashi alimwambia kila mwanzo wa kikao. Kanuni za Baraza zinakataza mtu kuingia ukumbini na kofia, koti, mwavuli au mkongojo, ila kwa ruhusa ya Spika. "Ni fomu ya ukurasa mmoja. Nitaijaza mimi, wewe uweke muhuri tu."

"Nikiingia na mkongojo, picha itafika Kamitsuga kabla yangu. Mwakani ni uchaguzi. Yule Nagoshi anayekinyemelea kiti changu atasema nini? Atasema, 'Mheshimiwa amechoka, mpumzisheni.'"

"Lakini umechoka kweli."

"Dobashi."

"Nimenyamaza, mheshimiwa."

Ndipo ukaja muswada wa treni za milimani. Serikali ilitaka kuongeza kodi ya bia, yeni mbili kwa kila chupa, na fedha hizo ziende kwenye reli ndogo zilizokuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Chama tawala kiliutaka. Wapinzani, ambao wengi wao walichaguliwa mijini na watu wanaokunywa bia na wasiopanda treni za milimani, waliukataa kwa kelele. Bi Haginoya aliusoma mara tatu kwa miwani ya kushonea. Treni ya Kamitsuga ilikuwamo, jina lake limeandikwa kabisa, ukurasa wa kumi na tisa. Aliweka kidole juu ya jina lile akakaa nalo kitambo.

Sasa, ilikuwa majira ya zawadi za kiangazi, watu wakipelekeana vitu kwa heshima. Mnadhimu wa chama tawala, Mheshimiwa Sakakida, mtu mwembamba mwenye tai iliyonyooka kuliko yeye, alimpelekea tikiti tamu ndani ya sanduku la mbao, limelazwa kwenye nyuzi za karatasi kama mtoto mchanga. Bi Haginoya alikuwa na msimamo wake: hapokei kitu cha mtu yeyote. Akalirudisha pamoja na barua ya kushukuru aliyoiandika kwa brashi. Sakakida aliisoma barua, akalitazama tikiti, akaandika kwenye daftari lake: Haginoya, anapinga.

Siku hiyohiyo mnadhimu wa wapinzani, Mheshimiwa Ukai, mtu wa kitambi na sauti ya kuita feri, alipeleka boksi la halua ya maharagwe. Hilo halikurudi. Halikurudi kwa sababu Dobashi alilifungua saa nne, na kufika saa sita kilikuwa kimebaki kisu cha mbao.

"Dobashi, kulikuwa na kitu hapa?"

"Nilidhani ni cha kunywea chai, mheshimiwa."

"Chote?"

"Kilikuwa kinakauka."

Na Ukai, alipoona kimya, akaandika kwenye daftari lake: Haginoya, yuko nasi.

Hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Wote wawili walikuwa wazoefu mno kuuliza.

Siku ya kura ilikuwa ya joto la kunata. Wapinzani walijua watashindwa. Hesabu ilikuwa wazi. Lakini kwao kushindwa haraka ni aibu, na kushindwa polepole ni msimamo. Wakadai kura ya vibao. Hiyo ndiyo desturi ya zamani ya pale: moja ya tano ya waliohudhuria wakidai, vitufe vinazimwa, na kila mjumbe anaitwa jina, anatoka kitini na kibao cha mbao chenye jina lake, cheupe cha ndiyo au cha buluu cha hapana, anapanda jukwaani na kumkabidhi karani mbele ya macho ya nchi nzima. Na asiyeutaka muswada hutembea mwendo wa ng'ombe: anasogeza mguu upana wa kidole, anasimama, anawaza maisha, anasogeza mwingine. Watu sitini wakitembea hivyo, mchana wote unakwisha.

Dobashi aliposikia neno "vibao" alikuwa kwenye roshani ya wasaidizi. Aliweka mikono yote miwili kichwani.

Chini, Bi Haginoya alifungua droo ya meza yake, akatoa kibao cheupe. Viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho, akaogopa kuchafua mbao, akakifunga ndani ya kitambaa chake cha mkononi. Kutoka kitini pake hadi jukwaani palikuwa na mteremko wa ngazi fupi, kisha uwazi, kisha ngazi saba za kupanda bila kishikio. Alikuwa amezihesabu siku yake ya kwanza, miaka mitano nyuma, na tangu hapo akamshukuru aliyebuni vitufe.

Jina lake lilipoitwa, Ukai alikuwa tayari njiani mbele yake. Ukai alikuwa bingwa. Kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kutembea polepole kama yeye. Vijana wa chama chake walifundishwa kwa kutazama visigino vyake. Basi akawa anakwenda zake, upana wa kidole, kituo, upana wa kidole, kituo, akasikia nyuma yake minong'ono ya kustaajabu. Akageuza shingo. Mama yule asiye na chama alikuwa anashuka ngazi za kwanza, mkono umeshika ukingo wa kila meza, na umbali kati yao ulikuwa unaongezeka.

Ukai alipigwa na butwaa. Alikuwa anamshinda mama huyu kwa mwendo. Yeye, Ukai! Akapunguza. Akasimama kabisa, akavuta pumzi tatu, akasogeza nusu kidole. Hata hivyo bado alikuwa mbele.

"Mama," alinong'ona bila kugeuka, midomo haichezi, "umejifunzia wapi?"

"Kwenye tofu," alijibu Bi Haginoya, meno ameyabana.

"Milimani kwenu wanafundisha hivi?"

"Baba, nipishe. Nataka kupita."

"Akili hiyo! Unasema 'nipishe' ili waandishi wasikie. Safi sana. Usiharakishe."

"Siwezi kuharakisha!"

"Ndiyo moyo wenyewe huo!"

Nyuma yake wapinzani wengine walianza kupiga makofi kidogokidogo. Kutoka viti vya chama tawala zikaja zomeazomea. "Aibu!" "Mama mzima!" "Tikiti alilikataa, ng'ombe amekubali!" Bi Haginoya alisikia kila neno. Uso ukamwaka, lakini uso kuwaka hakusaidii goti. Alipofika kwenye uwazi, Ukai alijisogeza kando kidogo, kwa heshima, kama mwanafunzi anayempisha mwalimu, na yeye akapita. Kamera zikamfuata.

Spika alikuwa amevumilia kwa saa tatu. Akainuka kwenye kiti chake kirefu.

"Waheshimiwa, natoa muda. Upigaji kura utafungwa baada ya dakika tano."

Ukumbi ulilipuka. Wapinzani walipiga kelele za udikteta. Bi Haginoya hakupiga kelele; alitazama ngazi saba. Dakika tano, ngazi saba, hesabu hiyo hata mtoto angeiweza, ila mtoto ana magoti. Akafanya kama alivyokuwa akifanya nyumbani kupanda darini: akageuka ubavu, kama kaa, akapandisha mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto ukaufikia mwenzake. Moja.

"Anapanda kiubavu!" mtu alipaza sauti kwa furaha. "Jamani, mtindo mpya!"

Alipofika ya tatu, akasikia viatu nyuma yake. Wajumbe wawili wa upinzani, wanaume wazima wenye digrii, walikuwa wanapanda kiubavu.

Ya tano. Ya sita. Hapo alimkumbuka marehemu, jinsi alivyosimama kwenye kivuko na bendera mvua ikimpiga, treni ikiwa na abiria mmoja tu, naye akiipigia saluti vilevile. Ya saba. Akanyoosha mikono miwili na kitambaa chake, karani akanyoosha yake, na kitambaa kikiwa katikati ya mikono minne Spika alitamka, "Upigaji kura umefungwa."

Karani yule alikuwa mtu wa kanuni. Alibaki ameshika kitambaa kama mtu aliyepewa yai bichi. Hakukifungua, hakukirudisha. Hatimaye akaomba bahasha, akakitia ndani, akaifunga kwa gundi na muhuri. Muswada ulikuwa umepita kwa kura kumi na moja zaidi, lakini ukumbini hakuna aliyejali tena. Wote walitaka kujua habari ya bahasha.

Simu iliita kabla hajamaliza hata kukaa ofisini. Dobashi aliitazama namba, akampa.

"Mama Haginoya," ilikuwa sauti ya Kijima. Nyuma yake palikuwa kimya, kimya cha watu wengi waliobana pumzi kwenye chumba cha kinyozi. "Tumekuona kwenye televisheni."

"Mmeniona."

"Tulikuwa ishirini na watatu humu. Mke wa jirani yako Orita ameondoka analia. Mama, hivi kweli? Treni yetu wenyewe, ndiyo unaitembelea kama ng'ombe?"

Neno "magoti" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini akajua kwamba kati ya wale ishirini na watatu lazima yupo shemeji wa Nagoshi, mdomo wazi, anasubiri neno hilohilo alipeleke mbio.

"Subirini orodha," alisema. "Majina yatachapwa leo jioni. Soma ya ndiyo."

"Nisome ya ndiyo?"

"Soma, Kijima. Ukinikosa humo, sirudi huko, nitauza duka."

Alikata simu, akagundua kwamba alikuwa amesema kweli. Hakikuwa kitisho tu. Bila jina lile kwenye orodha, angeshukia wapi? Kwenye kituo cha treni ileile?

Kamati ya uendeshaji ilikutana saa kumi na moja na nusu katika chumba chenye meza ndefu na mapazia mazito. Mwenyekiti, Mzee Kasuya, alikuwa mtu wa miaka themanini na moja ambaye hakuwahi kuharakishwa na chama chochote. Bahasha ililazwa mbele yake. Bi Haginoya alikalishwa kwenye kiti cha pembeni, karibu na ukuta, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Waandishi walijaa mlangoni.

Sakakida alianza. "Mwenyekiti, kura hii itupwe. Mjumbe ametembea kwa makusudi kuchelewesha Baraza. Nchi nzima imeona. Ngazi saba kwa dakika tano! Hata kobe angeomba radhi."

"Napinga!" Ukai alipiga meza. "Kura ya mjumbe ni kitu kitakatifu! Na huyu mama, mwangalieni, ni mtu mzima, ana maumivu. Mnamsimanga mgonjwa? Hamna mama nyumbani?"

Alimkonyeza Bi Haginoya kisiri. Alikuwa anajiona amebuni uongo mzuri.

Bi Haginoya aliinua mkono.

"Mheshimiwa," alisema Kasuya kwa upole, "kwa kanuni za kamati hii, wasio na chama huongea wakiulizwa."

"Basi niulizeni."

"Huko ni kuongea, mheshimiwa."

Aliushusha mkono. Wakaendelea. Sakakida alisoma kanuni tatu na mfano wa zamani. Ukai alizungumzia haki za wazee, akamtaja bibi yake mwenyewe, na machozi yakamlengalenga. Sakakida akasema machozi hayo ni ya mamba. Ukai akasema bora mamba kuliko nyoka. Mtu akaleta chai. Saa nzima ikapita, na mama mwenyewe, mwenye magoti, mwenye kura, amekaa pale ukutani kama kabati, hakuna hata mmoja aliyemgeukia kumwuliza.

Ni karani aliyekohoa. "Mwenyekiti, samahani. Orodha inakwenda kuchapwa saa moja. Na... kwa kuwa kura inajadiliwa, pengine tujue ni kura gani?"

Vichwa viligeuka. Hakuna aliyeona haja hiyo. Wote walikuwa wanajua tayari. Kasuya akavunja muhuri, akafungua kitambaa kona moja baada ya nyingine. Mle ndani kulikuwa na kibao cha mbao, HAGINOYA TATSUE, cheupe kama tofu.

Ukai aliweka kikombe chake cha chai nje ya kisahani.

Sakakida ndiye aliyepona mapema. Alinyoosha tai yake. "Mwenyekiti, ningependa kuongeza. Kwa kweli nikitafakari, mheshimiwa huyu ni mtu mzima. Na nimemwona mimi kwa macho yangu, alikuwa anaumia. Kura ya mjumbe, kama alivyosema mwenzangu vizuri sana, ni kitu kitakatifu."

"Anaumia wapi?" Ukai alikuwa amesimama, masikio yamemwiva. "Maumivu gani? Miaka mitano tumekaa naye, nani amewahi kumwona akiumia? Ule ulikuwa mwendo wa ng'ombe, tena wa kiwango cha juu! Najua ninachosema! Itupwe!"

"Hamna mama nyumbani?" Sakakida aliuliza kwa huzuni.

Wangebadilishana karatasi zao tu, kazi ingekuwa nyepesi.

Kasuya aliinua kidole kimoja, wote wakakaa. Kisha, kwa mara ya kwanza jioni ile, akamgeukia yule wa ukutani. "Mheshimiwa Haginoya. Nakuuliza. Ulitembea vile kwa makusudi?"

Waandishi walisogea. Kalamu zilikuwa juu. Bi Haginoya aliwaona, akaiona na kesho yake: shemeji wa Nagoshi na gazeti mkononi, akimsomea kila anayeingia dukani. Akakumbuka pia kidole chake juu ya ukurasa wa kumi na tisa.

"Hapana," alisema. "Ni magoti. Yameisha, yote mawili. Miaka mitano nimeyaficha kwa sababu ya kiburi. Nilikuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho ili msinione. Fomu ya mkongojo ilikuwapo, sikuitaka. Hilo ni kosa langu, si la kura yangu. Kura yangu haina magoti."

Roshani haikuwapo mle, lakini mlangoni, katikati ya waandishi, Dobashi alipenga kamasi kwa kelele.

"Maneno mazuri," alisema Ukai, "lakini maneno tu. Cheti cha daktari kiko wapi?"

"Cheti kitachukua siku tatu," alisema karani. "Orodha ni saa moja."

Kasuya alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili kufika saa moja. Alijikuna shavu, mzee wa watu, na ilionekana wazi kwamba anachotaka kusema kinamtia haya. "Mheshimiwa... je, ungekubali... kututembelea kidogo? Hapo tu. Tukuone."

"Na nani atajua kama anaigiza?" alidakia Sakakida, kisha akakumbuka yuko upande gani siku hiyo, akainamisha kichwa kwenye chai yake.

"Nitajua mimi," alisema Ukai. Alikunja mikono juu ya kitambi. "Miaka ishirini. Mwendo wa uongo naujua kwa harufu."

Karani alitoa saa yake ya kuhesabia sekunde, ile ya kupimia hotuba.

Bi Haginoya alishika mgongo wa kiti chake, akainuka. Aliinamia meza, mwinamo mfupi wa mtu anayefunga duka. Kisha akaanza kutembea, si kuizunguka meza kama walivyotarajia, bali kuelekea mlangoni. Palikuwa na hatua kama kumi na nane za mtu mzima wa afya.

Hatua ya kwanza goti lililia, likasikika chumbani kama mtu amevunja kijiti kikavu. Ya pili alishika kona ya meza. Kamera za mlangoni zilikuwa zinamtazama usoni kwa karibu kabisa, na safari hii hakugeuza uso. Mkono uliacha meza, ukatafuta ukuta, ukaukosa, ukaupata. Wapinzani wawili walioketi karibu, walewale waliopanda kiubavu nyuma yake, walianza kuangalia viatu vyao.

Ukai alikuwa ameegemea mbele. Mwanzoni aliangalia kama hakimu. Ilipofika hatua ya sita mikono yake ikajikunjua yenyewe. Mwendo wa ng'ombe una uvivu ndani yake, una starehe ya mtu anayejua atakwenda haraka akitaka. Hilo yeye alilijua kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Hapa aliona mtu anayekwenda haraka kadiri ya uwezo wake wote, jasho linamtoka, na hivyo ndivyo uwezo wenyewe ulivyo.

Hatua ya kumi.

"Mwenyekiti," alisema Ukai, na ile sauti ya kuita feri ilikuwa imeshuka mpaka chini. "Huyu haigizi. Andika."

"Nirudie nilichosikia? Chama chako kinasema..."

"Chama kitasema kesho. Mimi nasema haigizi. Mchana kutwa nilikuwa nashindana na magoti ya mama wa watu. Andika, mzee, tafadhali, na mwite akae."

Kasuya aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi, karani akaichukua karatasi hiyo kabla wino haujakauka, akatoka mbio kwa mlango mwingine kuelekea kwa wachapaji. "Kura ni halali," mwenyekiti alitamka kwa chumba chote. "Haginoya Tatsue, ndiyo. Mheshimiwa, umesikia? Unaweza kukaa sasa. Mheshimiwa?"

Sakakida aliruka kutoka kitini na kumnyooshea mkono amshike. Ukai naye akaruka, kutoka upande wa pili, na kunyoosha wa kwake. Bi Haginoya alipita katikati ya mikono ile miwili bila kugusa wowote, hatua ya kumi na sita, ya kumi na saba, waandishi wakamfungulia njia kwa kubana ukutani, na saa ya karani, aliyoisahau mezani, ikaendelea kuhesabu. Kwenye kizingiti alisimama kidogo akaupandisha mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto, akatoka, Dobashi nyuma yake.